Kibofu Nacho Hupimwa

Wiki mbili zilizopita nilipokea barua ya kurasa tatu, iliyoandikwa kwa wino wa buluu na kwa mwandiko safi wa mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali. Mwandishi wake ni mama wa miaka 27, mkazi wa kijiji kimoja mkoani Singida. Sitamtaja jina wala kijiji chake, maana ndivyo alivyoomba. Nimeisoma barua hiyo mara nne, na nimeona si haki kuifungia katika mtoto wa meza, kwa sababu najua wako akina mama wengine wanaousoma ukurasa huu Jumapili hii huku wamekalia kitambaa kilicholowa.

Mama huyu alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza akiwa nyumbani. Alikaa na uchungu siku 2, usiku na mchana, na alipofikishwa hospitali mtoto alikuwa amekwisha kufariki tumboni. Siku chache baadaye mkojo ulianza kumtoka wenyewe, bila kuhisi haja, bila kikomo. Ilikuwa fistula. Aliishi na hali hiyo miaka 3 kabla ya kupata watu wa kumsaidia, akapelekwa mjini, akapasuliwa, akawekewa mpira wa mkojo. Na mpira ulipotolewa alilala usiku kucha juu ya shuka kavu. "Nililia kwa furaha, Dada," anaandika, "hata muuguzi akadhani naumwa."

Furaha hiyo ilidumu miezi 4. Siku moja aliinama kujitwika ndoo ya maji, akasikia majimaji ya moto yakimteremka mapajani. Tangu siku ile mkojo humtoka tena, si wakati wote kama zamani, ila hutoka. Mama mkwe wake amekwisha kutoa hukumu kwamba operesheni imefumuka na kwamba hapana fedha ya operesheni ya pili. Mumewe, ambaye alimvumilia miaka ile 3 bila neno baya, sasa ananyamaza tu. Alipokwenda hospitali ya karibu aliambiwa kwamba inafaa akapimwe nguvu za kibofu mahali penye vifaa, na alipoelezwa kwamba ataingizwa mirija, alirudi nyumbani mbio. Ananiuliza mambo matatu: Je, operesheni imefumuka? Kipimo hicho ni kipi, na je, kinaumiza? Na mume aambiwe nini?

Mwanangu, swali lako la kwanza siwezi kulijibu. Wala hapana daktari awezaye kulijibu kwa kukutazama usoni, wala mama mkwe kwa kunusa khanga. Mkojo unaotoka ovyo si ugonjwa mmoja. Ni dalili ambayo magonjwa mengi hushirikiana, kama vile moshi unavyoweza kutoka jikoni, shambani au katika nyumba inayoungua. Ndiyo maana kuna vipimo.

Yafaa tuelewane kwanza juu ya kibofu chenyewe. Ni mfuko wa misuli uliolala nyuma ya mfupa wa kinena. Figo mbili hutengeneza mkojo mchana na usiku na kuuteremsha kwa mirija miwili myembamba mpaka kibofuni. Kazi za kibofu ni mbili zinazopingana: kutunza, kisha kumwaga. Wakati wa kutunza, misuli ya mfuko hulegea na mlango wa chini hukazwa. Wakati wa kumwaga, mlango hulegea na mfuko hujikamua. Mtu mzima mwenye afya huanza kuhisi haja ndogo kibofu kikiwa na mililita 150 hadi 250 hivi, naye huweza kustahimili mpaka 400 au 500 kabla hajatafuta choo kwa haraka. Mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo ndiyo inayopeleka habari juu na kurudisha amri chini.

Sasa fikiria kichwa cha mtoto kilichokwama nyongani siku 2. Hukibana kibofu na uke dhidi ya mfupa, damu haipiti, nyama hufa, na baada ya siku kadhaa hudondoka na kuacha tundu. Hiyo ndiyo fistula. Lakini ubanaji ule hauchagui. Unaweza kuifupisha njia ya mkojo, kuudhoofisha mlango wake, kukifanya kibofu kiwe kidogo na kigumu, na kuijeruhi mishipa ya fahamu, hata wengine wakaburuta mguu. Bingwa wa upasuaji akiliziba tundu vizuri kabisa, hayo mengine huenda yakabaki. Basi mama ambaye tundu lake limefungwa salama anaweza bado kulowa, naye akaamini, na ukoo mzima ukaamini pamoja naye, kwamba amepasuliwa bure. Akina mama wa namna hii si wachache.

Kwa hiyo mtu wa hali yako anaweza kuwa na mojawapo ya mambo haya, au mawili kwa pamoja: tundu limefunguka, au kuna jingine ambalo halikuonekana, mlango wa kibofu ni dhaifu, kwa hiyo kikohozi, kicheko au ndoo ya maji huusukuma mkojo nje, kibofu kina papara, hujikamua kabla hakijajaa, kibofu hakimwagi chote, hujaa pomoni kikafurika, au ni maambukizo tu, wadudu wamekiwasha kibofu. Dawa ya hili huweza kuwa madhara kwa lile. Dawa inayotuliza kibofu chenye papara, kwa mfano, ukimpa mama ambaye kibofu chake kimeshindwa kujimwaga, utamwongezea msiba.

Kwa nini nashikilia neno hili? Nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na katika hospitali moja ambayo sitaitaja, alikuwa akija mama mmoja aliyepasuliwa kizazi. Mkojo ulikuwa ukimtoka ukeni kidogo kidogo, huku haja ndogo ya kawaida akiipata vilevile. Kwa kuwa alikuwa akienda chooni kama watu wengine, aliambiwa kwamba ana "mkojo mchafu", akapewa vidonge. Akarudi, akapewa vidonge vingine. Ilipita miezi 7. Nami nilikuwa mmoja wa waliomkabidhi vidonge hivyo dirishani. Siku daktari mgeni alipompima kwa pamba tatu, kazi iliyochukua muda usiozidi nusu saa, ilibainika kwamba tatizo halikuwa kibofuni kabisa. Mrija mmoja unaotoka figoni ulijeruhiwa wakati wa operesheni, ukawa unamwaga mkojo wake ukeni moja kwa moja. Vidonge vya dunia nzima visingeziba mrija ule.

Kipimo hicho cha pamba tatu nakieleza kwa kirefu kwa sababu hakihitaji umeme wala mashine, na hospitali ya wilaya huweza kukifanya. Hutajwa pamoja na jina la Chassar Moir, profesa wa Oxford aliyekuwa bingwa wa fistula katika karne ya 20. Mama hulala chali, kibofu hutolewa mkojo kwa mpira mwembamba, kisha hutiwa polepole maji safi yaliyochanganywa na rangi ya buluu iitwayo methilini buluu. Daktari hutazama kwanza kwa macho, maana tundu kubwa hujionyesha lenyewe. Kama haoni kitu, huweka ukeni vipande vitatu vya pamba, kimoja juu, kimoja katikati na kimoja chini, halafu mama huinuka na kutembea kama dakika 10 au 15. Pamba zikitolewa, zinasomwa kama barua. Ya juu au ya kati ikiwa imelowa na kugeuka buluu, kuna tundu baina ya kibofu na uke. Ya juu ikilowa maji yasiyo na rangi, mkojo unatoka juu ya kibofu, yaani katika mrija wa figo, kama ilivyokuwa kwa mama yule. Na ikiwa ni ya chini peke yake iliyopata buluu, yaelekea hapana tundu. Mkojo unapita katika njia yake ya kawaida, ila mlango hauushiki. Rangi ile itautia mkojo buluu au kijani kwa muda, na wako waliowahi kushtuka chooni kwa sababu hakuna aliyewaonya.

Lakini kabla ya pamba na mirija kuna kipimo cha mkojo wenyewe katika kikombe. Hiki kila mtu anakijua, na karibu kila mtu hukikosea. Yapasa kujisafisha kwanza, kuuacha mkojo wa mwanzo uende, na kukinga ule wa katikati. Na yapasa kupimwa kabla ya kumeza dawa ya kuua wadudu, si baada yake. Kijiti cha rangi kitaonyesha dalili za wadudu, damu, sukari na protini. Kwa wanaoishi Unguja, Pemba, au bara mahali penye madimbwi na mabwawa, damu katika mkojo hapana budi ikumbushe kichocho. Mayai ya mnyoo wake hutafutwa kwa darubini katika mkojo uliotolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa kuwa ndio wakati yanapotoka kwa wingi. Mkojo wa alfajiri unaweza kumdanganya mpimaji. Kichocho kilichokaa miaka mingi hukifanya kibofu kiwe kigumu, hata kikashindwa kutunza mkojo, na dawa yake ya prazikwanteli hupatikana kwa urahisi.

Kuna kipimo cha kikohozi pia, nacho ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Kibofu kikiwa kimejaa, mama husimama, huweka kitambaa, hukohoa kwa nguvu. Mkojo ukichuruzika papo hapo pamoja na kikohozi, mlango ni dhaifu. Ukingoja nukta chache, kisha ukaja kwa wingi na kwa muda, yaelekea kikohozi kimekiamsha kibofu chenye papara. Tofauti ya nukta 3 au 4, na tiba mbili zisizofanana: huyu hufundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga na pengine hupasuliwa, yule hufundishwa kukizoesha kibofu kungoja na pengine hupewa dawa.

Halafu hupimwa mabaki. Mgonjwa hukojoa mpaka aridhike, kisha papo hapo hutazamwa kwa mashine ya altrasaundi, au huingizwa mpira, ili ijulikane kimebaki kiasi gani. Chini ya mililita 50 ni salama. Zaidi ya 200 si salama, kibofu hakijimwagi. Kilichopo katikati hupimwa tena siku nyingine, kwa maana mtu mwenye haya au haraka hukojoa nusu.

Akina baba wasidhani kwamba ukurasa wa leo hauwahusu. Mzee ambaye tezi dume yake imekua husimama chooni dakika nyingi, akaona ni uzee. Kwake hupimwa kasi ya mkojo. Mwaka 1948 daktari wa Marekani aitwaye Willard Drake alieleza chombo kilichochora kasi hiyo katika karatasi, na hospitali kubwa za leo zina vyombo vya ukoo huo. Mkojo wa mwanamume mwenye njia isiyozibwa hufikia kasi ya juu ya mililita 15 au zaidi kwa nukta moja. Chini ya 10 huleta wasiwasi. Kipimo hicho hakina maana kama mtu hakukojoa angalau mililita 150, kwa hiyo mzee ashawishiwe kunywa maji na kungoja, asikojoe njiani. Na kasi ndogo haithibitishi peke yake kwamba tezi imeziba njia. Yumkini kibofu kimechoka kusukuma, kama kinavyochoka kwa mwenye kisukari cha miaka mingi.

Hapo ndipo tunapofikia kile kipimo kilichokukimbiza, mwanangu. Nguvu za kibofu hupimwa kwa kukijaza kidogo kidogo na kuandika shinikizo lililomo. Daktari D. K. Rose wa St. Louis, Marekani, alikitengenezea kazi hiyo chombo mwaka 1927, na hadi leo shinikizo husomwa kwa sentimita za maji, yaani urefu wa maji ambayo kibofu kinaweza kuyainua. Kwa namna ya kisasa mpira mwembamba sana huingizwa kibofuni na mwingine katika njia ya haja kubwa. Huu wa pili ndio unaowaaibisha watu, nao una maana yake: ukikohoa au ukicheka, tumbo lote hukikandamiza kibofu, na mashine haiwezi kujua kama ni tumbo au ni kibofu chenyewe. Basi shinikizo la tumbo hupimwa pembeni, likatolewa katika lile la kibofu, na kinachobaki ni kazi ya misuli ya kibofu. Maji safi ya chumvi huingizwa taratibu huku ukiulizwa: umeanza kuhisi? Haja imekuja? Huwezi kungoja tena? Utaambiwa ukohoe. Mwishoni utakojoa mirija ikiwa bado ndani.

Wala usidhani kwamba pasipo mashine hiyo hapana kitu. Nimeona daktari akichukua mpira wa mkojo na bomba kubwa la sindano alilolitoa kisukumio, akaliunga, akalishika wima juu ya kinena na kumimina maji mililita 50 kwa mara moja. Maji yalishuka vizuri mpaka 150. Alipoongeza kidogo, yakasimama, yakapanda juu yenyewe ndani ya bomba kama maziwa yanayotaka kufurika. Mgonjwa alikuwa ametulia, hakukohoa wala hakujikaza. Kibofu kilikuwa kikijikamua bila ruhusa ya mwenyewe. Tulikuwa watu wanne chumbani, na sote tuliliona jambo ambalo mgonjwa alikuwa akilieleza mwaka mzima bila kusadikiwa.

Je, kinaumiza? Sitakudanganya. Mpira ukipita unachoma, kisha unazoeleka. Baadaye haja ndogo inaweza kuwasha siku moja au mbili. Watu wachache hupata maambukizo, ndiyo maana kipimo huahirishwa kama mkojo una wadudu, na ndiyo maana mtu mwenye homa au baridi ya kutetemeka baadaye yampasa arudi upesi. Unywe maji. Aibu ndiyo inayouma kuliko mpira, nami naijua, nimewashika mikono wengi mezani pale. Wakunga wetu husema mficha uchi hazai. Una haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo, mlango ufungwe, na uelezwe kila kinachotiwa kabla hakijatiwa. Muuguzi akikufokea kwa kuwa umelowesha meza, huyo ndiye asiyeijua kazi yake. Meza ile iliwekwa iloweshwe.

Kuna watoto ambao kipimo hiki huwaokoa figo zao. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, hata kama alishonwa vizuri, huweza kuwa na kibofu chenye shinikizo kubwa la kimyakimya. Shinikizo hilo likizidi sentimita 40 za maji, figo zimo hatarini, ingawa mtoto anacheza na hasemi kwamba anaumwa. Wazazi wengi hungoja nepi ikauke. Wasingoje.

Nirudi kwako. Huduma za fistula ziko. Hospitali ya akina Hamlin mjini Addis Ababa ilifunguliwa mwaka 1974 kwa ajili ya ugonjwa huu. Hapa kwetu hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imejulikana kwa miaka mingi kwa kuutibu bila malipo, na tangu mwaka 2009 ilianza kuwatumia wagonjwa nauli kwa simu ya mkononi, kwa sababu iligundulika kwamba nauli ndiyo iliyokuwa ikiwabakiza nyumbani. Basi usianze na hesabu ya mama mkwe wako. Anza na wale waliokupasua. Waandikie au wapigie, waeleze kwamba unavuja, na uulize kabla ya kusafiri ni siku gani hupima. Nenda na karatasi zako zote za operesheni ya kwanza.

Wakati unangoja, usipunguze maji ya kunywa. Najua unayapunguza, kila mama anayevuja huyapunguza. Mkojo mzito hunuka zaidi, huchubua ngozi, hukiwasha kibofu na huweza kuleta mawe. Paka mafuta mazito mapajani, vitambaa vikaushwe juani.

Na uandike daftari la kibofu. Utahitaji siku 3, saa, kalamu na kikombe cha plastiki chenye alama za mililita. Kikombe hicho kisirudi tena jikoni. Kila unywapo, andika saa na kiasi. Kila ukojoapo, andika saa na kiasi. Kila uvujapo, andika ulikuwa ukifanya nini: umebeba, umekohoa, umesikia maji yakimiminika, au umelala tu. Daktari akilisoma daftari hilo atajua nusu ya anachotafuta kabla hujapanda mezani, na pengine kipimo cha mirija hakitahitajika kabisa.

Mume wako aambiwe kweli, yaani kwamba hujui bado, na kwamba kuna njia ya kujua. Mwonyeshe ukurasa huu kama anasoma magazeti. Mtu aliyevumilia miaka 3 kisha akanyamaza sidhani kama amekuchoka. Nadhani amechoka kutojua. Mpe kazi. Daftari la usiku ni gumu kwa mtu mmoja, maana unaamka na usingizi, taa haiko karibu, kikombe kimekwenda chini ya kitanda. Yeye ashike saa na kalamu, wewe ushike kikombe. Mkimaliza siku 3, niandikie.